Tanga Lililomshinda Noemí

Kila siku akitoka shule, Rosaura Brunetti alipitia dukani kununua mikate mitamu, kisha akateremka mpaka karakana ya baba yake kando ya Mto Luján, mjini San Fernando. Huko alikuwa na kazi tatu: kuchemsha maji ya chai chungu ya yerba, kufagia vumbi la mbao, na kumvumilia kaka yake Ramiro. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Ramiro alikuwa na miaka kumi na minne, mabega mapana na ulimi wa pilipili. Rosaura, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mwembamba, basi kaka yake alimwita Tambi, na jina likamganda mtaani kote.

Baba yao, Evaristo, alikuwa fundi wa kuchora na kuunda mashua za tanga. Hakuunda za mashindano. Zake zilikuwa za familia, za kwenda safari na watoto, sufuria na mablanketi. Alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye desturi hiyo: kabla ya kukata ubao wa kwanza, alijenga sakafuni mfano wa pale watu wanapoketi, akafunga kamba zote mahali pake, kisha akamwingiza mtu mdogo kuliko wote wa familia ile.

"Mashua ya familia haipimwi kwa baba mwenye kifua," alipenda kusema. "Inapimwa kwa yule atakayebaki peke yake, wengine wakishaumia."

Mwaka ule alikuwa akimuundia mashua Bi Nélida Ocampo, daktari wa meno wa mji wa Rosario, aliyeishi na binti yake mmoja tu, Noemí. Rosario ni mbali, na Noemí alikuwa na masomo. Kwa kuwa alilingana na Rosaura kwa umri na kwa umbo, Evaristo aliamua binti yake mwenyewe apimwe badala yake.

Alipitisha kamba juu ya boriti ya dari na kuning'iniza mfuko wa mchanga mwishoni mwake.

"Hii ni kamba ya kupunguzia tanga upepo ukiwa mkali," alisema. "Na uzito huu ndio utakaokuwa ukivutana nawe. Ukiuinua, tanga linabaki moja kubwa. Usipoweza, naligawa mawili madogo na kuongeza mlingoti nyuma. Hakuna aibu, mwanangu. Mimi nataka kujua tu."

Rosaura alivuta. Mfuko ulitikisika, haukupanda. Alivuta tena mpaka machozi yakamtoka. Mara honi ya lori la mbao ikalia nje, na Evaristo akatoka kulipokea.

Ramiro aliachia kicheko alichokuwa amekibana muda wote.

"Lo, Tambi wetu kaiva leo! Hivi Mama alipokuzaa, mifupa aliisahau hospitali?"

"Niache, Ramiro."

"Nikuache vipi? Tanga zuri vile litakatwa vipande kwa ajili ya mikono yako! Ngoja. Kesho shule nzima itajua."

Akatoka kwenda kusaidia kushusha mbao, huku akiigiza dada yake anavyovuta, magoti yakitetemeka. Rosaura alibaki peke yake na ule mfuko, na alikuwa na hasira ya kufa mtu. Aliufungua, akamwaga mchanga ndani ya pipa la vumbi la mbao, akauvuta, akaumwaga tena mpaka ukawa mwepesi. Nafasi iliyobaki aliijaza maranda ili mfuko usilegee. Kisha akafagia.

Baba yake aliporudi, mfuko ulipanda hadi juu. Evaristo alipiga makofi, akambusu kwenye paji la uso. "Mmeona? Binti yangu huyu!" Usiku ule Rosaura alikula chakula chake kwa raha kuliko siku zote. Tanga likabaki moja.

Mashua ilikamilika majira ya joto yalipokaribia. Bi Nélida alikuja na Noemí, na Rosaura akamwona kwa mara ya kwanza: msichana mpole, mikono yake myembamba kama ya Rosaura mwenyewe. Wote watano waliingia mashuani. Siku ya kwanza ya kila mashua Evaristo hakugusa kitu kamwe. Alikaa pembeni na kibuyu chake cha chai, akawaacha wenye mashua waiongoze.

Kabla hawajaondoka gatini, Rosaura alimwona Noemí akiizungusha ile kamba nene viganjani, akiizoea. Neno lilimfika kooni. Lakini Ramiro alikuwa amesimama hapo hapo, akimtazama, na Rosaura akalimeza. Huo ulikuwa muda mzuri wa kusema, na haukurudi tena.

Walitoka Mto Luján wakaingia Mto Plata, ambao ni mpana mpaka ng'ambo haionekani. Mambo yalikwenda vizuri. Noemí hata alicheka. Halafu upande wa bara wingu jeusi likajiviringisha, na ule upepo wa pampero, ambao hauna subira na mtu, ukaja juu yao. Mashua ililala ubavu. Maji ya kahawia yakaruka ndani.

"Noemí, punguza tanga!" alipaza sauti Bi Nélida akiwa kwenye usukani. "Vuta!"

Noemí alivuta. Kamba ilikuja kidogo, kisha ikarudi ikimchuna viganja. Akavuta tena, ikarudi tena.

"Vuta, mwanangu, tunapinduka!"

"Haiji, Mama! Haiji!"

Bi Nélida aliacha usukani, akairukia ile kamba mbele ya mikono ya binti yake. Tanga likapigwa na upepo, kamba ikanyakuliwa, na mkono wake wa kulia ukaenda nayo mpaka ndani ya kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Alipiga ukelele ambao Rosaura aliusikia usingizini kwa miaka mingi.

Evaristo alikitupa kibuyu, akalegeza tanga lote likaanguka, akauchomoa ule mkono na kuwasha injini. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka vibaya. Aliufunga kwa taulo, akageuza mashua kurudi. Alikuwa ameogopa, na kwa mtu kama yeye hofu ilitokea mdomoni kama ukali.

"Msichana wa rika lako aliivuta hiyo kamba karakanani kwangu!" alimfokea Noemí. "Wewe ulikuwa unavuta au unaibembeleza?"

"Tambi wa pili," Ramiro alinong'ona.

Noemí alitazama viganja vyake vilivyochubuka. "Nisamehe, Mama," alisema.

Na Bi Nélida, uso umempauka, taulo limelowa damu, akamjibu mwanawe: "Si nilikwambia ufanye mazoezi? Nilikwambia mara ngapi?"

Hapo Rosaura akashindwa kuvumilia. Afadhali angepigwa yeye.

"Nilimwaga mchanga," alisema.

"Nini?" aliuliza baba yake.

"Mfuko haukupanda, Baba. Ulipotoka niliumwaga mchanga. Noemí hana kosa. Hata mimi siwezi kuivuta."

Bi Nélida ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Kwa nini?"

"Ramiro alinicheka."

"Alikucheka." Bi Nélida alitazama taulo lake. "Vidole vyangu vimekwenda kwa ajili ya kicheko?"

Evaristo alipiga magoti mbele ya Noemí katika maji yaliyotuama sakafuni. "Nimekutukana bure, binti. Niwie radhi." Kisha bila kugeuka akamwambia Rosaura, "Nenda ukakae kule mbele, nisikuone." Na alipomwona Ramiro akiinamisha kichwa, akaongeza, "Na wewe mfuate. Mkae pamoja. Mmeyafanya pamoja."

Hospitali walikata kidole kimoja. Cha pili kilipona kikiwa kigumu kama kijiti. Evaristo aliivuta mashua karakanani, akang'oa alichokuwa amekijenga kwa fahari na kuanza upya. Safari hii Rosaura alivuta akashindwa mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka. Ramiro mwenyewe ndiye aliyekuwa akipunguza mchanga mpaka mfuko ukapanda. Uzito huo ndio uliopanga matanga: mawili madogo, na kamba zote zikifika pale penye usukani. Noemí alikuja kutoka Rosario kuujaribu ule mfuko, akauinua mara nyingi bila kuchoka. Hakuzungumza na Rosaura hata neno moja.

Siku ya kuishusha tena mashua, Bi Nélida alimwita Rosaura gatini na kumnyooshea mkono wa kulia mbele ya uso.

"Tazama. Usiangalie pembeni."

Rosaura alitazama.

"Nilikuwa nashika koleo kwa mkono huu. Sasa najifunza kwa wa kushoto, katika umri huu. Nisikilize. Mgonjwa akinificha panapouma, nitang'oa jino zima na kuliacha bovu. Kutokuwa na nguvu si kosa lako. Baba yako angeweza kulipangia hilo, ndiyo kazi yake. Lakini ulimficha, na ulichokificha wewe kikaja kunipata mimi. Siku nyingine ukishindwa, sema umeshindwa. Hata kama wanacheka."

"Nisamehe, Bi Nélida," Rosaura alisema huku akilia.

"Bado. Labda siku moja. Lia baadaye, sasa tufungulie kamba."

Rosaura aliifungua. Upepo ulikuwa umeshaanza kupanda. Bi Nélida aliketi, mikono yake yote miwili mapajani, na Noemí peke yake akaigeuza mashua, akapunguza tanga la kwanza, akapunguza la pili, akatoka mtoni.