Mikono ya Ganzorig

Foleni ya huushuur, chapati za nyama za kukaanga, nje ya uwanja wa Ulan Bator ilikuwa ndefu, watu wakisukumana kwa harufu ya nyama na mafuta moto. Ganzorig, fundi wa pinde, alirudi nyuma akamkanyaga binti mmoja aliyevaa joho la buluu na mshipi wa hariri ya manjano. Kwetu ukimkanyaga mtu unampa mkono papo hapo, la sivyo mtakuja kugombana. Alimpa mkono. Kuurudisha ndiko kulikomshinda.

"Kaka, mguu umeshapona," binti akamwambia. "Niachie, nina mishale ya kurusha."

Huyo ndiye Nandin, na hadi theluji inaanguka walikuwa wapenzi wasiobanduka. Halafu Nandin akachaguliwa kuingia baraza la jiji, mdogo kuliko wote mle ndani. Wanawake wakawa wanamsimamisha barabarani kumweleza habari za moshi wa makaa na watoto wanaokohoa. Ganzorig alijivuna, nisimsingizie. Ila simu ya Nandin ikiita tu, anataka kujua ni nani. Na mara nyingi alikuwa kaka Dashnyam, kocha wake, bingwa wa zamani, mtanashati ambaye hata joho kuukuu linamkaa kama limeshonwa jana.

Jioni ya sherehe ya baraza, Ganzorig alichelewa. Alipofika mlangoni aliwaona Nandin na Dashnyam wameshikana mikono, wanacheka. Wivu ukampanda hadi kichwani. Alitoka bila kusalimia mtu, akampigia Nandin simu akiwa barabarani.

"Mlikuwa mmeshikana mikono."

"Alinikanyaga, Ganzo."

"Mguu gani?"

"We! Nikuletee kiatu ukikague?"

"Mtu hakanyagi asiyemsogelea."

"Wewe ulinikanyaga hata jina langu hulijui. Akili ikikurudia, nipigie."

Hakupiga. Alikaa na kiburi chake karakanani, akikwangua pembe za mbuzi za kutengenezea pinde hadi zikaharibika.

Julai ikafika, na mashindano. Mshindi wa kike angeongoza timu ya taifa kwenda Uturuki mwezi mzima, na kocha wa safari ni Dashnyam. Ganzorig alipangwa miongoni mwa waimbaji wanaosimama kando ya shabaha, safu ya vigudulia vya ngozi vilivyopangwa chini. Kazi yao ni moja: shabaha ikiguswa, huinua mikono na kuimba "uuhai", awe aliyerusha ni rafiki au adui. Mikono isipoinuka, mshale umepotea.

Nandin alibakiwa na mshale mmoja, na alihitaji uguse shabaha ili ashinde. Ulianguka kwenye nyasi kabla ya shabaha, ukateleza, ukakigusa kidogo kigudulia cha ngozi cha mwisho upande wa Ganzorig. Kilitikisika, kikatulia palepale. Wenzake hawakuona. Wote wakamgeukia yeye.

Nyamaza tu, moyo ukamwambia. Nyamaza, abaki hapa. Akilini alimwona Dashnyam kwenye ndege, kiti cha pembeni, akimfungia Nandin mkanda. Kisha akainua mikono, akaimba hadi sauti ikakwaruza.

Nandin alimfuata na upinde begani, uwanja mzima ukimshangilia. Ganzorig alitegemea shukrani.

"Mikono yako ilichelewa," Nandin akasema.

"Nilikuwa natazama vizuri."

"Ganzo."

Akainamisha kichwa. "Nilitaka ushindwe. Nilitaka ubaki."

"Nilikuona kutoka kule." Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Nimeulenga mshale ule maisha yangu yote, na wewe ukafikiria. Mimi nakwenda. Ukipiga simu, niulize nimelenga vipi. Ukiniuliza niko na nani, nakata, na hutanisikia tena."

Nandin alipokuwa Uturuki, Ganzorig alipiga kila jioni. Aliuliza habari za upepo, za uzi wa upinde, za chakula. Ulimi ulimwasha, akaumeza. Siku moja, Nandin akiwa karibu kurudi, mazungumzo yakaisha lakini yeye hakuaga.

"Uliza tu, usije ukapasuka," Nandin akamwambia, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kukata.

"Niulize nini?"

"Hilo linalokukaba kooni."

Ganzorig alivuta pumzi. "Ukirudi, utakubali nikuoe? Na baraza lako, na mishale yako, na safari zako zote?"

Nandin alikitazama kidole chake, akakiondoa.

"Ndiyo," akasema. "Uliogopa?"

"Bado naogopa."

"Ogopa tu. Mradi umeuliza."