Kofia ya Kidoti

Kitu cha kwanza Chiriku alichokiona alipofungua kifurushi ni kwamba kofia zilikuwa mbili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Shangazi yake alikuwa ameshakwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alipiga pasi mashuka kila mwisho wa juma. Kifurushi alikiacha mezani, kando ya chai iliyofunikwa kwa kisahani. Kilikuwa kimeletwa na msafiri kutoka nyumbani, nchi ya mbali, walikobaki mama na mdogo wake Chiriku.

Kofia zote mbili zilikuwa za sufu, rangi ya bluu, na mama alikuwa amezifuma mwenyewe. Chiriku alizigeuza ndani nje. Mama alikuwa na desturi yake: kila alichowafumia wanawe alikitia uzi mmoja mwekundu kwa ndani, karibu na sikio, mahali pasipoonekana. "Hiyo ni alama ya wa kwangu," alizoea kusema. Kofia ya kwanza ilikuwa na uzi mwekundu. Ya pili nayo ilikuwa nao.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti. "Mwanangu, kofia moja ni yako, moja ya rafiki yako Kidoti. Baridi ya huko haimbagui mtu. Kesho tukipigiana nataka nimwone ameivaa. Haya, mdogo wako naye anamsalimu."

Hakukuwa na Kidoti yeyote.

Nyumbani alipewa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa akiamka anaongea na kulala anaongea. Alipokuja kusoma huku, siku ya kwanza alisimamishwa asome mbele ya darasa, na matamshi yake yakawachekesha wenzake. Hawakucheka sana, wala kwa ubaya, lakini Chiriku alikaa chini na tangu hapo hakufungua mdomo ila alipoulizwa. Jumapili ile mama alipiga simu. "Umepata marafiki?" akauliza, na sauti yake ikaanza kutetemeka kama mtu anayetaka kulia. Chiriku akajibu upesi, "Nimepata, mama. Anaitwa Kidoti. Ana kidoti shavuni."

Mama akacheka. Basi Kidoti akawa anakua kila Jumapili. Mara ana paka mwenye kiburi, mara anaogopa kuogelea, mara anamfundisha Chiriku kuendesha baiskeli. Na kila mara kabla ya kukata simu mama aliuliza, "Uko salama lakini?" Naye Chiriku alijibu, "Salama kabisa, mama."

Alikunywa chai iliyopoa. Akaosha kikombe kimoja na sahani moja, akafagia sakafu iliyokuwa safi. Dirishani aliwaona watoto wakienda uwanjani wawili wawili, mmoja akimsukuma mwenzake kwa bega. Saa ya ukutani ilikuwa ikipiga kwa sauti ambayo siku za kawaida haikusikika. Ndipo akakumbuka nguo chafu, akajaza beseni na kushuka kwa ngazi. Lifti ilikuwa mbovu, ingawa fundi wa lifti aliishi jengo lilelile, ghorofa ya chini.

Katika chumba cha mashine za kufulia alimkuta binti wa fundi lifti ameketi juu ya benchi, anatafuna mkate na kutazama nguo zikizunguka. Walisoma shule moja, madarasa tofauti, na hawakuwahi kuzungumza. Chiriku alitia nguo zake kwenye mashine ya pembeni. Kisha akatoa kalamu mfukoni. Alikuwa ameshuka nayo makusudi, akitumaini kumkuta mtu wa rika lake.

"Samahani," alisema kwa lugha ya mji ule, akichagua maneno moja moja. "Kesho mchana, unaweza kuja kwetu kidogo? Mama yangu atapiga simu. Utavaa kofia, utapunga mkono, basi."

"Naweza," binti akasema. "Hiyo kalamu ya nini?"

"Nikuchore kidoti. Hapa shavuni. Na akikuita Kidoti, itika."

Binti aliacha kutafuna. "Kwa hiyo nijifanye mtu mwingine?"

"Dakika chache tu."

"Mimi nina jina langu," binti akasema. Hakukasirika, alisema tu. "Ukinialika mimi, nitakuja. Ukimwalika huyo mwingine, mwambie aje mwenyewe."

Chiriku aliirudisha kalamu mfukoni. Akapanda ngazi mbio, nguo akaziacha mashineni, na siku ile hakushuka tena kuzichukua.

Jioni shangazi alirudi amechoka, mikono imekauka kwa mvuke. "Chiriku wangu, umeshindaje?"

"Vizuri, shangazi."

"Mbona nyumba imetulia hivi? Siku hizi chiriku wetu kamezwa na paka?" Alicheka, akajinyoosha kitini, na kabla Chiriku hajajibu alikuwa ameshasinzia.

Jumapili mchana, shangazi akiwa kati ya zamu mbili, simu ililia. Uso wa mama ulijaa kwenye kioo, na pua ya mdogo wake ikaingia kwa pembeni.

"Yuko wapi Kidoti?" mdogo wake akauliza.

"Anaumwa," Chiriku akasema. Alikuwa ameupanga uongo huo usiku kucha.

"Maskini! Anaumwa nini?" Mama alishtuka. "Nani anamwuguza? Wifi! Wifi, uko hapo? Mtoto wa watu anaumwa nanyi mmekaa! Mpelekeeni hata uji!"

Shangazi alitoka jikoni anafuta mikono. "Mtoto gani tena?"

"Kidoti! Rafiki yake mwanao!"

Shangazi akamgeukia Chiriku. "Kidoti ndiye nani?"

Mlango ukagongwa. Shangazi alipofungua, binti wa fundi lifti alikuwa amesimama na beseni la nguo zilizokunjwa vizuri.

"Ulizisahau," alimwambia Chiriku.

"Ndiye huyo?" mama akauliza kwenye simu. "Amepona? Msogeze nimwone!"

Ingetosha kusema ndiyo. Binti yule hakuijua lugha yao, asingejua ameitwa nani. Chiriku alimtazama mama, jinsi alivyofurahi, kisha akaitazama kofia yenye uzi mwekundu.

"Siye, mama," alisema. "Kidoti hayupo. Nilimtunga."

Ikasikika sauti ya mdogo wake: "Kwa hiyo haumwi?"

"Kwa nini, mwanangu?" mama akauliza taratibu.

"Ulitaka kulia. Sikutaka ulie."

Shangazi akaketi karibu yake. "Sikiliza, binti yangu. Umemdanganya mama kwa kumhurumia, lakini uongo ni uongo. Mama yako kakesha anamfumia kofia mtu ambaye hayupo, na wewe uliyepo hajui unahitaji nini. Ukitaka wakupendao wakusaidie, waambie ukweli. Nami nina kosa. Nilikuwa narudi nasinzia, sikuuliza mara ya pili. Jumamosi ijayo nitabadilishana zamu."

Binti wa fundi lifti alikuwa bado mlangoni. "Wanasemaje?"

"Wanauliza wewe ni nani," Chiriku akamwambia.

"Umewajibu nini?"

"Bado. Sijui jina lako."

"Si uniulize!"

Chiriku akamwuliza, binti akataja jina lake, naye Chiriku akalitamka vibaya. Wote wawili wakacheka, na safari hii kicheko hakikumuumiza.

"Mwambie kofia ni yake, akiitaka," mama akasema.

Binti aliivaa. Ikamshuka hadi kwenye nyusi. Akapunga mkono, na mdogo wake Chiriku akapunga mikono yote miwili. Shangazi akamtafutia mgeni kiti.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, salio linakwisha. Uko salama lakini, mwanangu?"

Chiriku alifungua mdomo kutoa jibu lake la kila Jumapili. Akaliacha.

"Si sana, mama," alisema. "Jumamosi za huku ni ndefu. Nakaa peke yangu, na ninakukumbuka."