Tone na Wasifu Unaosomeka

Chumba cha mbele cha nyumba ya akina Tone hakikuwa na viti vya wageni. Kilikuwa na mabango. Baba yake alikuwa fundi wa kuandika mabango, na humo ndimo alimofanyia kazi. Mabango yaliyokuwa yanakauka yaliegemea ukutani. Mengine yalining'inia darini kwa kamba. Upepo ukipita dirishani, yalicheza taratibu. Herufi nyekundu, za kijani na za buluu zilipishana hewani kama samaki katika maji matulivu.

Tone alikulia chini ya herufi hizo. Utotoni alilala mchana juu ya mkeka, kati ya makopo ya rangi, akizitazama mpaka usingizi ukamchukua. Hata sasa, msichana mkubwa wa chuo, akisinzia humo ndani huota maneno yakielea.

Jina la Tone alipewa na bibi yake, kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Alipokua, akapenda maji. Chuoni alisomea upimaji wa maji. Alizoea kuinua chupa juu, jua likapenya ndani yake, akatazama vumbi likishuka polepole hadi chini.

"Huyu mtoto atayakodolea maji macho mpaka yaone haya," mama yake alimtania.

Sasa Tone alikuwa mwaka wa mwisho. Kilichobaki ni mafunzo kazini tu. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute mwenyewe ofisi ya kumpokea. Asiyepata hahitimu na wenzake. Wenzake wengi walikwisha kupata. Tone alikuwa bado.

Si kwamba hakuomba. Aliomba kwenye kiwanda cha maji ya chupa. Akaomba kwenye maabara ya watu binafsi. Akaomba tena na tena. Kila alipotuma wasifu wake, jibu lilirudi mbio, chai haijapoa: "Asante kwa kuomba. Kwa bahati mbaya hatutaendelea na maombi yako."

"Hivi wanasoma kweli?" Tone aliuliza.

"Wamesoma, wakaona wivu," baba yake alijibu, huku akisafisha brashi kwa kitambaa. "Wasifu mzuri kama ule watausahau wapi?"

Na kweli ulikuwa mzuri. Ulikuwa kazi ya mikono yake. Tone alipotaka kuandika wasifu wa kawaida, baba alikataa katakata.

"Mtoto wa fundi mabango apeleke karatasi kavu kama risiti ya duka? Nitaiweka wapi sura yangu?"

Basi akachukua karatasi kubwa nyeupe. Juu akaandika jina la bintiye kwa herufi za buluu, zenye vivuli, zikijipinda kama mawimbi. Pembeni akamchora Tone mwenyewe ameshika chupa. Sehemu ya elimu akaiita "Bustani ya Maarifa." Sehemu ya ujuzi akaiita "Chemchemi Yangu." Hakuandika Tone anajua nini kwa kiasi gani. Alichora matone ya maji. Matone mengi, ujuzi mwingi. Wino ulipokauka, Tone akaupiga wasifu huo picha kwa simu, na picha hiyo ndiyo aliyokuwa akiituma kila mahali.

Siku moja mchana, manyunyu yalikuwa yakipiga paa taratibu. Tone alikaa sakafuni na kompyuta mpakato mapajani. Idara ya maji ilikuwa imetangaza nafasi za mafunzo, na mwisho wa kuomba ulikuwa kesho yake. Hakukuwa na ofisi nyingine iliyobaki. Macho yake yalikuwa kwenye tangazo, lakini mawazo yalikuwa mbali. Aliwaona wenzake wakivuka mto kwa daraja jeupe, mmoja mmoja, naye amesimama ukingoni na chupa tupu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mama Pacha, jirani yao wa nyumba ya pili. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi ya ajira ya hospitali. Alikuja kuchukua bango la saluni ya mdogo wake.

"Karibu ndani, usinyeshewe," baba alisema.

"Shikamoo, Mama Pacha," Tone alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso? Maji yamekuudhi leo?"

Tone akacheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Akaeleza yote. Mama Pacha akaomba auone huo wasifu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Jamani, fundi! Hii ni ya kuweka kwenye fremu."

"Umeona?" baba alisema, kifua mbele.

"Nimeona. Tatizo ni kwamba mlikoupeleka, aliyeupokea hakuona."

"Nani, kipofu?"

"Kompyuta. Ngoja niwaeleze." Mama Pacha akavuta ndoo tupu ya rangi, akaikalia. "Ofisi kubwa hupokea maombi mengi mno. Hata sisi hospitalini tunatumia programu ya kupokea na kupanga maombi. Programu inausoma wasifu kwanza. Inatafuta jina, simu, elimu, ujuzi. Inalinganisha na yaliyoandikwa kwenye tangazo. Wasifu ambao haikuambulia kitu ndani yake unabaki nyuma kabisa, au unajibiwa hapo hapo. Mtu anaweza asiufungue kabisa."

"Lakini wangu una kila kitu," Tone alisema.

"Hebu tujaribu. Chagua maandishi yote, yanakili, uyabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Utakachokiona hapo, ndicho karibu sawa na kile inachokiona programu."

Tone akajaribu kuchagua. Hakuna herufi iliyokubali kushikika. Picha ni picha. Akabandika. Ukurasa ukabaki mweupe pe, kama asubuhi ya ukungu. Kwenye ukungu huo hakukuwa na Tone, hakukuwa na chuo, hakukuwa na hata namba ya simu.

Tone aliutazama weupe ule akajihisi mwepesi, kama mtu asiyekuwapo. Miezi yote hiyo alikuwa akituma ukungu.

Baba aliweka brashi chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemzibia mtoto njia."

"Usiseme hivyo, fundi. Niambie kitu. Bango la barabara kuu na bango la mlango wa daktari, unayaandika sawa?"

"Thubutu! La barabarani linasomwa na dereva anayekimbia. Herufi nene, maneno machache. La mlangoni mtu anasimama, anasoma."

"Basi hili nalo lina msomaji wake. Msomaji huyu hana macho ya picha. Anasoma kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari. Mwandikie yeye kwanza. Akimaliza, ndipo mtu atakapousoma."

Baba akakuna kichwa. Akaitikia kwa kichwa polepole. Lugha hiyo aliielewa.

Tone alifungua ukurasa mpya. Kwa mazoea, akaugawa safu mbili: kushoto mawasiliano, kulia masomo. Alipojaribu kunakili na kubandika, maneno yalichanganyikana. Namba ya simu iliingia katikati ya jina la chuo. Somo la kemia likagongana na namba ya nyumba yao.

"Umefundishwa kemia na nyumba namba kumi na nne?" baba aliuliza.

Wote wakacheka.

"Safu moja tu," Mama Pacha alisema. "Usitumie jedwali wala visanduku. Jina na simu viwe mwanzo wa ukurasa wenyewe. Usivifiche kule juu kabisa kwenye ukingo, maana programu nyingine hupita bila kuvisoma. Na picha yako ibaki nyumbani."

"Na Bustani ya Maarifa?" baba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Programu inatafuta neno 'Elimu.' Ikikutana na bustani, itajuaje? Andika Elimu. Andika Ujuzi. Andika Uzoefu."

Hapo Tone akasimamisha vidole. "Uzoefu ndio sina, Mama Pacha. Sijawahi kuajiriwa."

"Chuoni hamkufanya mradi?"

"Tulifanya. Tulipima visima vya mtaa wa nyuma ya chuo. Mimi ndiye niliyekwenda asubuhi kuteka, nikaandika ripoti. Kisima kimoja tulikuta maji hayafai, wakakifunga wakakisafisha."

"Mh! Na hayo unayaita huna uzoefu? Huo ni mradi, uandike. Na humu ndani, wateja wa baba yako wanapokelewa na nani?"

"Mimi, siku za mapumziko."

"Liandike na hilo. Mwanafunzi haulizwi alikuwa meneja wapi. Anaulizwa amejifunza nini na amefanya nini."

Kisha Mama Pacha akamwambia afungue tangazo la idara ya maji. Wakalisoma pamoja, polepole. Tangazo lilisema "kuchukua sampuli." Tone alikuwa ameandika "kuteka maji kwa upole." Tangazo lilisema "kupima ubora wa maji." Tone alikuwa ameandika "mlinzi wa kila tone."

"Maneno yako matamu," Mama Pacha alisema, "ila programu inatafuta ya kwao. Kama kitu hicho hicho ndicho ulichofanya, kiite kama wanavyokiita wao."

Tone akafuta, akaandika: "Nilichukua sampuli za maji katika visima vya mtaa na kupima ubora wa maji katika maabara ya chuo. Niliandika ripoti ya matokeo." Alipoyasoma tena, alishangaa. Maneno yalikuwa makavu, lakini kupitia kwayo aliuona ule mtaa wote: umande, kamba ya kisima, chupa za baridi mikononi, mwanga ukipanda taratibu juu ya mabati.

Baba akaruka ghafla. "Nimepata! Tunakili tangazo lote, tuliweke chini kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe! Mtu haoni, programu inasoma!"

"Baba Tone, hapo umeniangusha," Mama Pacha alisema huku akicheka. "Ujanja huo tunaujua. Mtu akiufungua wasifu, ujanja unajianika wote. Tena ni uongo. Mwombaji atasema anajua kutumia mashine fulani, siku ya kwanza apewe mashine, aikodolee macho. Andika neno la tangazo pale tu ambapo ni kweli."

"Basi nimeufuta," baba alisema, na mkono wake ukapita hewani kana kwamba unafuta rangi.

Tangazo lilitaja pia mashine moja ambayo Tone hakuwahi kuigusa. Aliiacha. Yale matone ya kuonyesha ujuzi nayo yaliondoka. Mahali pake aliandika kwa maneno anachojua. Akapanga tarehe zote kwa mtindo mmoja. Akachagua herufi za kawaida, zinazosomeka. Tangazo lilisema faili liwe la aina gani, naye akahifadhi la aina hiyo hiyo. Faili alilipa jina lake kamili na neno "wasifu." Mwisho akajaribu tena kunakili na kubandika. Safari hii ukungu haukuwapo. Mistari ilishuka mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wake, kama ngazi.

"Haya," Mama Pacha alisema, "msomee mtu kwa sauti. Kosa hujificha machoni, likatokea mdomoni."

Tone akamsomea mama yake, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili. Mama alipata neno moja lililorudiwa. Tone akalifuta, akatuma.

Chai ilipoa, jibu halikuja. Ikapita siku, ikapita nyingine. Tone alitembea nyumbani kama mtu aliye chini ya maji, sauti zote zikimfikia kwa mbali. Akiosha vyombo, aliyaangalia maji yakizunguka kwenye sinki na kupotea.

Asubuhi moja simu iliita. Sauti ya mwanamke ikamtaja kwa jina lake kamili. Alitakiwa kufika kwenye usaili.

Ofisi ya idara ya maji ilikuwa na dirisha refu, na nje yake bwawa la kuchujia maji liling'aa kimya. Mwanga wa bwawa ulicheza darini. Mkuu wa maabara alikuwa na wasifu wa Tone mezani. Aliupitishia kidole mstari kwa mstari.

"Umeandika hapa ulipima visima vya mtaa. Kisima gani kilikushangaza?"

Tone akavuta pumzi. Alijikuta yuko kwenye umande ule, kamba mkononi. Akaanza kueleza. Alieleza kisima kilichokuwa na maji maangavu kuliko vyote, maji ambayo kila mtu aliyasifu, na ndiyo yaliyokutwa hayafai. Alieleza alivyorudia kipimo kwa kutoamini macho yake. Mkuu wa maabara aliacha kalamu, akasikiliza.

"Na mashine tuliyoitaja kwenye tangazo?"

"Hiyo sijawahi kuigusa. Ningependa kufundishwa."

"Utafundishwa. Unaweza kuanza wiki ijayo?"

Tone alitoka nje. Jua lilikuwa limetanda juu ya bwawa, na hewa ilinukia maji safi. Alisimama kwanza, akasubiri miguu yake irudi ardhini. Kisha akapiga simu nyumbani.

Baba alipokea kabla haijaita vizuri. Hakuuliza kama amepata.

"Waliusoma?" aliuliza.

"Waliusoma, baba," Tone alijibu. "Mpaka mstari wa mwisho. Nimepata nafasi."