Jina Langu Kwenye Orodha ya Jaji

"Hilo si jina lako, wewe?"

Bwana Petrosky alikuwa na pamba mdomoni, jino limeng'olewa dakika kumi zilizopita, kwa hiyo mwanzoni sikumwelewa. Akanyoosha kidole kwenye TV ya ukutani.

Nikageuka.

Seneta mmoja mwenye tai nyekundu alikuwa anasoma karatasi mbele ya taifa zima. Wanawake sitini na wawili waliowahi kufanya kazi na Jaji Merrill Stroud. Wote wanasema ni muungwana, hajawahi kumvunjia mwanamke heshima.

"... Maureen Dudek, sekretari wake kwa miaka sita..."

Maureen Dudek ni mimi.

Na mimi, ndugu zangu, sijawahi kutia saini karatasi hiyo.

"Kumbe umefanya kazi na wakubwa," Bwana Petrosky akasema na pamba yake. "Hongera."

Nilimpa karatasi ya dawa. Alipofika mlangoni ndipo nikagundua nimempa ya mtu mwingine.

Ngoja niwaeleze mimi ni nani, maana huko mitandaoni mmeshaniita majina yote.

Nina miaka hamsini na tatu. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu Vince, fundi wa malori. Nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kabla ya hapo nilikuwa sekretari wa Stroud, enzi hizo akiwa jaji wa kawaida tu hapa mjini.

Mwezi wa saba mwaka huu Rais akamteua kwenda Mahakama ya Juu. Mwezi wa tisa akajitokeza mwanamke anaitwa Yesenia Robledo. Akasema Stroud alimshambulia ofisini miaka kumi na tisa iliyopita, yeye akiwa binti wa miaka ishirini na mbili.

Nchi ikagawanyika. Mnajua wenyewe.

Yesenia ndiye aliyechukua kazi yangu nilipoondoka. Mimi ndiye niliyemfundisha. Siku tatu. Hii simu, hili kabati, kahawa yake haina sukari.

Jumapili, kabla orodha haijasomwa, tulikuwa kwa shemeji yangu Duane. Mpira kwenye TV, maharage ya pilipili mezani, na stori ni hiyo hiyo.

"Miaka kumi na tisa alikuwa wapi?" Duane anauliza. "Alikuwa anatafuta kalamu?"

"Anatafuta umaarufu tu," mkewe akadakia.

"Siku hizi ukimsifia mwanamke nguo, kesho uko mahakamani."

"Duane, wewe mwanamke gani umsifie nguo? Hata yangu huioni."

Wakacheka. Halafu Vince, ambaye hana baya na mtu, akanigeukia.

"Mo, si wewe ulikuwa pale? Hebu sema. Jamaa yukoje?"

Meza nzima ikanitazama.

Nikasema, "Mpeni Duane maharage. Sahani yake tupu."

Ndivyo nilivyosema. Na miaka yote hiyo ndivyo nilivyokuwa nasema, kwa maneno tofauti.

Sasa turudi kwenye ile Jumatatu ya kliniki. Nilitoka nje, nikapiga simu ofisi ya yule seneta. Akapokea dada mmoja, sauti tamu kama ya tangazo.

"Mama, fomu yako ilitoka kwenye imeili yako mwenyewe. Jumanne iliyopita, saa tatu na dakika kumi asubuhi."

"Sikuituma mimi. Toeni jina langu."

"Orodha imeshaingia kwenye kumbukumbu za kikao, mama."

"Nimesema toeni."

Akashusha sauti. "Kwani kuna jambo jaji alikufanyia?"

Nikakata simu.

Nilijua ni Vince. Nani mwingine? Watu wa Stroud wamempigia, wamemlainisha, naye kwa upole wake kakubali. Nilimkuta gereji, kichwa kimezama ndani ya boneti.

"Nani kakuruhusu uingie kwenye imeili yangu?"

Akatoa kichwa. "Imeili ipi?"

"Usinichezee, Vince."

"Mo, paswedi yangu mwenyewe imebandikwa mlangoni pa friji na bado nakosea. Ya kwako nitaijulia wapi? Imeili yako alikufungulia Paige."

Jina lilipomtoka ndipo sote tukaelewa. Tukabaki tunatazamana.

Paige ni binti yetu. Mtoto pekee. Yuko mwaka wa mwisho wa sheria, Cincinnati.

Sikupiga simu. Niliendesha gari karibu saa mbili, redio nimezima, kwa sababu kila stesheni ilikuwa Stroud, Stroud, Stroud.

Alifungua mlango, akaniona, na uso wangu ukamwambia kila kitu kabla sijasema.

"Mama, nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini? Akishaapishwa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Umetumia jina langu."

"Walinipigia, mama. Wakasema, mama yako yuko upande wetu, sivyo? Nikasema ndiyo. Wakasema orodha inafungwa asubuhi ile ile. Wewe ulikuwa kazini, hupokei simu. Nikajaza."

"Na wewe walikuahidi nini?"

Akatazama chini. "Nafasi. Kwenye ofisi yake, huko juu. Akipita."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtoto wangu. Nilimwambia maneno. Nilimwita muuza mama yake. Akavumilia, akavumilia, halafu naye akafoka.

"Wewe ndiye uliyeniambia! Maisha yangu yote. Jaji Stroud muungwana, Jaji Stroud kichwa. Barua ya kuniombea chuo nani aliifuata kwake? Mimi au wewe?"

Ni mimi.

Msinikimbie, someni hadi mwisho. Ni mimi niliyemwandikia Stroud nikaomba barua ya mwanangu. Alijibu ndani ya siku mbili. Nilijiambia, baada ya yote, angalau na mimi nipate kitu kutoka kwake.

Basi nikakaa. Nikamweleza Paige kile ambacho sijawahi kumweleza hata baba yake.

Ilikuwa mwezi wa pili, siku ya theluji kubwa, jengo zima limeruhusiwa mapema. Aliniita chumba cha mafaili. Akafunga mlango, ufunguo akautia mfuko wa shati. Mengine sitayaandika hapa, maana kuna watu watakaosoma kwa ajili ya hayo tu. Nilitoka kwa kumng'ata mkono mpaka akaachia.

Asubuhi yake alikuja kazini na bendeji. Wenzake wakamuuliza kulikoni.

"Mbwa wa jirani," akasema. "Jike. Halijafundishwa."

Wakacheka. Akanitazama huku wakicheka.

Na mimi nikawapelekea kahawa.

Wiki mbili baadaye nikaandika barua ya kuacha kazi. Sababu za kifamilia.

Paige hakulia. Alikaa kwenye zulia, mgongo kwenye ukuta, muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamuuliza swali nililokuwa naliogopa tangu nilipoingia.

"Na wewe je? Umewahi kukaa naye peke yenu?"

"Mara moja. Mwezi wa sita, kabla sijaanza chuo, nilipokwenda kumshukuru kwa ile barua."

"Akafanya nini?"

"Hakuna, mama. Alinishika bega tu." Akaligusa bega. "Hakuachia haraka. Nikajiambia ni mzee."

Mungu anisamehe. Mtoto wangu nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu yake, kashika kadi ya shukrani.

Hapo hapo Paige akachukua simu. Akaipigia kamati ya seneti, akajitaja, akasema saini ya mama yake aliiweka yeye. Nilimwambia asubiri, aongee na mwanasheria kwanza. Akanijibu, "Umesubiri wewe ya kutosha." Kabla jua halijazama ile nafasi ilishafutwa, na chuo kimemwita kwenye kikao cha nidhamu.

Jumanne mimi na Vince tukaenda Washington. Njiani nilimweleza. Alisimamisha gari pembeni ya barabara kuu, akashuka, akazunguka lori moja lililoegeshwa pale mara tatu. Aliporudi alinishika mkono mpaka tunafika.

Wanasheria wa kamati walinipa dakika kumi na moja. Nilizihesabu.

"Kwa nini unasema leo, Bi. Dudek?"

"Kwa sababu jina langu mmelisoma jana."

"Huoni muda unatia shaka?"

"Muda mmeuchagua ninyi."

"Una shahidi?"

"Ana kovu. Mwambieni avue saa ya mkono wa kushoto."

Hawakumwambia. Wakaandika, wakanishukuru, wakanionyesha mlango.

Jioni maelezo yangu yakavuja, waandishi wakamuuliza Stroud. Akatabasamu, tabasamu lile lile. "Maureen alikuwa kama familia kwetu," akasema. "Anapitia kipindi kigumu. Tunamwombea."

Ananiombea. Yeye... ananiombea mimi.

Simu yangu ikageuka jaa. Waliniita mng'ataji. Walitengeneza picha yangu nina masikio ya mbwa. Duane akatuma ujumbe: "Umetuaibisha ukoo mzima. Jumapili msije." Vince akamjibu kwa neno moja ambalo hapa wataniondolea posti.

Alhamisi maseneta wakapiga kura ya kumthibitisha. Hamsini na moja kwa arobaini na tisa.

Akapita.

Najua mlitaka mwisho mwingine. Hata mimi. Lakini nawaeleza yaliyotokea.

Mchana ule ule, mwanasheria wa Yesenia akanipigia. Yesenia alikuwa bado mjini, amekubali kuniona. Nikaoga, nikavaa vizuri. Njia nzima napanga maneno. Nilijiona, tuseme ukweli, kama mtu mwema. Nimechelewa, ndiyo, lakini nimekuja. Nilidhani tutakumbatiana na kulia kama dada wawili.

Alikuwa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya mwanasheria wake, anakula biskuti za chumvi moja moja. Sasa ni mwalimu wa hesabu. Nywele zimeanza mvi.

"Nimekuja kukwambia sikuitia saini ile karatasi," nikaanza.

"Najua. Binti yako alinipigia akaniomba radhi."

Sikujua kama Paige alifanya hivyo.

"Nataka ujue niko upande wako, Yesenia. Walilitumia jina langu. Walinidhulumu na mimi."

Akaiweka biskuti chini.

"Hukumbuki, eh?"

"Nakukumbuka vizuri. Nilikufundisha kazi siku tatu."

"Baada ya hapo. Wiki ya pili. Namba yako niliikuta kwenye daftari la ofisi, nikakupigia nyumbani. Nikakuuliza, Maureen, huyu jaji ni mtu wa namna gani? Ameniambia nibaki leo kazi ikiisha, sijui kama nibaki."

Nilifungua mdomo kukataa. Kabla sijakataa, nikaiona. Jiko langu la zamani. Paige ana miaka sita, amelala kwenye kochi na tetekuwanga, analia. Simu nimeibana begani. Sauti ya msichana inauliza kitu, na mimi nataka tu akate.

"Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nikaitazama biskuti aliyoiweka.

"Ulisema, ni muungwana. Fanya kazi yako, usijiletee makubwa." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nikabaki, Maureen. Wengine wote sikuwaamini. Ila wewe ulikuwa mwanamke, na ulikuwa umekaa pale miaka sita. Nikabaki kwa sababu ulisema wewe."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Na hilo ndilo linaloniua, kwamba yeye alikaa na simu ile miaka kumi na tisa, na mimi niliikata nikaenda kupika uji.

Wiki nzima nilikuwa nawaka hasira kwa sababu jina langu limewekwa kwenye orodha ya waongo. Kumbe nilikuwa ndani siku zote. Niliingia kabla ya seneta, kabla ya fomu, kabla Paige hajajua kusoma. Wanawake sitini na wawili, na wa kwanza wao ni mimi.

Nikainuka nikamfuata, mikono imefunguka.

"Hapana," Yesenia akasema. "Sikuchukii. Nimesoma maelezo yako, umesema kweli, asante. Lakini usinikumbatie."

Nikarudi kukaa. Akanisogezea biskuti. Tukakaa hivyo mpaka Vince alipokuja kunichukua.

Sasa nyie mnaosoma.

Stroud amevaa joho, na atalivaa mpaka afe. Hasira yangu juu yake haijapoa na sitaki ipoe. Wale hamsini na mmoja nimeyaandika majina yao, na mwezi wa kumi na moja nitasimama kwenye foleni ya kura hata kama ni theluji.

Lakini somo langu si kwao. Ni kwako, dada unayemjua mtu fulani, na binti fulani mgeni anakuuliza, huyu yukoje? Usimjibu kulinda heshima ya bosi. Usimjibu kuficha aibu yako. Mwambie unachokijua, palepale, hata kama mtoto analia na chakula kinaungua. Anakuuliza kwa sababu ameshahisi. Anachosubiri ni mtu mmoja tu amwambie hajakosea.

Mimi niliulizwa, nikajibu vibaya.

Haya, nitukaneni. Kesho naingia kazini saa mbili, nitayasoma matusi yenu pale mapokezi.