Mama Viviane Aomba Ubatizo

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Émilie alibeba kasia begani na kumfuata baba yake hadi mtoni. Waliishi Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mahali ambapo mtu akitazama mbele anauona mji wa Kisangani wote. Wenzake wa miaka kumi na miwili walikuwa bado wamelala. Yeye alipiga kasia huku baba yake, papa Timothée, akivuta nyavu kwa mkono mmoja, kwa sababu bega lake la kulia lilivunjwa wakati wa uasi na halikupona sawasawa. Mkondo ulipousukuma mtumbwi pembeni, Émilie aliuma meno na kuurudisha. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu mzima.

Alijua wa kumlaumu. Mwaka uliotangulia, waasi walipouteka mji, walifika Lubunga wakitafuta watu waliowahi kuwatumikia wazungu. Papa Timothée alikuwa amewavusha wamisionari kwa mtumbwi wake kwa miaka mingi. Jirani yao, mama Viviane, ndiye aliyenyoosha kidole kuwaonyesha nyumba. Émilie alikuwa amesimama mlangoni na alikiona kidole kile. Kisha alimwona baba yake akipigwa kwa kitako cha bunduki.

Uasi ulipokwisha, mama Viviane alibaki pale pale mtaani. Hakuna aliyemsalimia. Alichota maji peke yake, wengine wakishaondoka.

Furaha ya Émilie ilikuwa darasa la ubatizo. Pasta Augustin alilifundisha kila Alhamisi katika kanisa dogo la udongo. Émilie hakukosa hata mara moja. Alifagia sakafu, alipanga mabenchi, na mafundisho yote aliyajua kwa moyo. Wakubwa walimsifu, naye alizipenda sifa hizo.

Alhamisi moja mama Viviane aliingia na kuketi kwenye benchi la nyuma. Waliokuwa wameketi hapo walihama mmoja mmoja. Émilie alingoja pasta amfukuze, lakini Pasta Augustin alimwuliza tu jina lake, kama alivyomwuliza kila mgeni, akaendelea na somo. Siku hiyo Émilie hakusikia kitu. Masikio yalimvuma kwa hasira.

Baada ya somo alimfuata pasta nje na kumweleza yote: kidole, bunduki, bega la baba yake. Pasta alisikiliza hadi mwisho. Alisema anajua habari hiyo, na kwamba mama Viviane mwenyewe ndiye aliyemsimulia, bila kuficha neno.

"Basi umuambie asirudi," Émilie alisema.

"Siwezi, mutoto wangu. Mimi pia niliingia bila kustahili. Nitamuzuia kwa haki gani?"

Jibu hilo halikumridhisha hata kidogo. Kila Alhamisi iliyofuata alikuta benchi la nyuma lina mtu, na kila mara alirudi nyumbani amenuna. Alijifariji kwa jambo moja tu: mama Viviane hakujua kusoma, na mafundisho hayakumkaa kichwani. Siku ya kuulizwa maswali, Émilie aliwaza, huyu mama ataaibika na kuondoka.

Siku hiyo ilipofika, Émilie alijibu kila swali bila kusita. Alisema kwa sauti safi kwamba Mungu anampokea kila mtu anayemwamini Yesu. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo mama Viviane alipoitwa. Alijaribu kusema fundisho la kwanza, akakwama. Alijaribu la pili, akanyamaza. Baadhi ya watu walianza kucheka chini chini.

Pasta aliwanyamazisha kwa mkono, kisha akamwuliza anamtegemea nani amwokoe.

"Yesu," mama Viviane alisema. "Sina mwingine. Nilifanya ubaya mukubwa, na siwezi kuurudisha nyuma."

Pasta alisema inatosha, naye atabatizwa pamoja na wenzake.

Émilie alitoka bila kuaga. Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba akishona wavu, akalia kwa uchungu mbele yake. Alisema amefanya kazi mwaka mzima, amejifunza kila neno, na yule aliyewaharibia maisha anapata kitu kile kile kwa neno moja. Alisema kama mama Viviane ataingia majini, yeye hataingia.

Papa Timothée aliweka wavu chini. Alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia kabla: mama Viviane alikuwa amekuja kwake kuomba msamaha. Mara ya kwanza yeye alimfukuza. Alipokuja tena walizungumza. Siku ile ya uasi, waasi walikuwa wamemshika mtoto wa mama Viviane na kutishia kumwua asipowaonyesha nyumba.

"Kwa hiyo umemusamehe?" Émilie aliuliza.

"Bon, najaribu. Kuna siku naweza, kuna siku bega inaniuma na siwezi. Hiyo iko kazi yangu na yeye. Lakini wewe ulisema mbele ya wazee, kila mutu anayeamini. Uliposema kila mutu, ulikuwa unafikiria nani?"

Émilie alifikiri. Alikuwa amejifikiria yeye mwenyewe, na rafiki zake, na wazee waliomsifu. Alilala akiwa bado na hasira, lakini swali lile halikumwacha.

Siku ya ubatizo watu walijaa ukingoni wakiimba. Émilie alikuja pia, amevaa nguo nyeupe, uso umekunjamana. Pasta alisimama katika maji ya kiuno. Alipomwita mama Viviane, watu waliacha kuimba. Mama huyo alizaliwa mbali msituni na hakuwahi kujifunza kuogelea. Aliingiza mguu mmoja kwenye tope, akateleza, akarudi nyuma. Aliwatazama watu. Hakuna aliyesogea.

Sehemu ya moyo wa Émilie ilitaka mama huyo aangushwe na tope lile mbele ya wote. Hata hivyo alishuka ukingoni, akamshika mkono.

"Kanyaga hapa, mama," alisema. "Hapa kuko muchanga."

Walikwenda pamoja polepole hadi kwa pasta. Mama Viviane alizamishwa na kuinuliwa, akikohoa na kulia. Kisha ikawa zamu ya Émilie.

Wakirudi nyumbani, Émilie alikiri kwa baba yake kwamba bado hampendi mama huyo.

"Hiyo itakuja polepole," papa Timothée alisema. "Kujifunza kwako na kufagia kwako kulikuwa kuzuri, uendelee. Lakini havikukununulia wokovu. Mungu alikupa wewe bure, kwa sababu ulimuamini. Amemupa mama Viviane vilevile. Hakuna aliyechukua sehemu ya mwenzake."

Alhamisi iliyofuata waliobatizwa walikutana tena kanisani kuendelea na masomo. Mama Viviane aliketi kwenye benchi la nyuma, peke yake. Émilie alisimama mlangoni kwa muda. Halafu alikwenda kuketi karibu naye, na kuanza kumfundisha fundisho la kwanza.