Hendeli yenye Ufunguo

Dada yangu Mwanatabu alitumia muda mwingi kuchagua hendeli za dirisha kuliko aliotumia kumchagua mume. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya Karisa muuza vyuma, na Karisa akacheka mpaka akaegemea nguzo ya banda lake.

"Barke, una mdomo wewe," dada akasema, bila kuinua macho.

Ilikuwa jioni, Magongo, mwaka wa themanini na nane. Karisa alikuwa akiuza vitu vilivyong'olewa katika majumba yaliyobomolewa na meli zilizochoka: bawaba, mabomba, masinki, vitasa. Hendeli alikuwa amezimwaga juu ya gunia, na dada amechuchumaa anazipanga, anazizungusha, anazirudisha. Mimi nilikuwa natazama jua.

Mumewe Stambuli, ambaye ni baharia, alikuwa amempangishia nyumba karibu na uwanja wa ndege kabla hajapanda meli, nami nikatoka kwetu Timbwani kwenda kumsaidia kuhamia. Nyumba hiyo ilijengwa na rubani wa Kizungu aliyekuwa akilala mchana. Kwa hivyo kila dirisha lilikuwa na vioo viwili, kimoja nyuma ya kingine, katikati hewa tupu. Ukilifunga sawasawa, ndege inapita juu ya paa nawe husikii hata mvumo. Lakini tulizikuta hendeli zote zimevunjika, kila chumba, na madirisha tukawa tunayaegemezea matofali. Mbu walitula tukapona kwa rehema ya Mungu.

Dada hakuwa akisumbuliwa na mbu. Alisumbuliwa na magharibi. Kwetu sisi, magharibi ikiingia watoto wanaingizwa ndani, nguo zinaanuliwa, na kila dirisha linafungwa kwa Bismillahi. Mwanatabu alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Mbarak, na kila jioni alikaa roho juu kwa sababu madirisha yake hayakufungika.

"Chukua hii," nikamwambia. "Nyepesi, yazunguka vizuri."

"Haina ufunguo."

"Ufunguo wa nini? Nje kuna grili. Mwizi atapitia wapi?"

"Si mwizi, ni Mbarak. Madirisha yale yafungukia ndani. Mtoto akining'inia kwenye hendeli, kioo chote chamwangukia. Nataka yenye ufunguo."

Tulikuwa tumebeba hendeli moja mbovu, ili Karisa alinganishe kile chuma cha pembe nne kinachoingia kwenye fremu. Aliigeuza mkononi. Akaacha kucheka.

"Hizi zilivunjwa na nani?"

"Twaambiwa wezi," dada akasema.

"Mwizi yuko nje, mama. Mwizi husukuma." Akatuonyesha shingo ya hendeli, jinsi chuma kilivyopinda. "Hii imevutwa. Aliyeivunja alikuwa chumbani."

"Basi alikuwa mpangaji mwenye mkono mzito," nikamkata. "Tufungie mzigo, kaka. Kwakuchwa."

Dada akachukua zenye ufunguo. Ufunguo mmoja mdogo ulifungua zote.

Tulifika nyumbani, Mbarak mgongoni mwangu, tukikimbizana na jua. Dada mwenyewe ndiye aliyeshika bisibisi. Mimi nilishika skrubu na kutoa amri ambazo hakuzisikiliza. Sebule, jikoni, mwisho chumba chake cha kulala. Hendeli zilikaa vizuri ajabu. Alipoifunga ile ya sebuleni, sauti ya barabara ilikatika ghafla, na sote wawili tukatazamana tukacheka kwa furaha.

"Fulana ya Mbarak!" dada akashtuka. "Imebaki kambani. Nenda kaianue, hima, kabla ya adhana."

Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nyuma yangu nikamsikia akisema Bismillahi na kuvuta komeo. Hakuwa na nia mbaya. Ni mazoea. Ningebisha, angenifungulia.

Kamba ya nguo ilikuwa mbele ya dirisha la chumba chake. Taa ilikuwa imewashwa, pazia bado halijatundikwa, nami nikamwona kama ninavyoiona mikono yangu. Mbarak alikuwa ameketi kitandani na kijiko. Dada akalisukuma dirisha, akazungusha hendeli. Midomo yake ikacheza. Najua alichosema. Akageuza ufunguo, akauchomoa, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Akaniona. Akaigonga hendeli mpya kwa kidole, akatabasamu.

Sasa, kuna jambo sijalisema. Kila jioni katika nyumba ile, wakati kama huo, kulikuwa na harufu. Harufu ya nywele zilizoungua. Ilianzia chumba cha ndani, ikapita sebuleni polepole, ikatokea dirishani, ikaisha. Sisi tulikisingizia kiwanda cha mafuta, maana Changamwe nzima, na Magongo ikiwemo, kila kinachonuka husingiziwa kiwanda cha mafuta.

Jioni ile nilisimama pale na fulana mkononi, nikavuta pumzi.

Harufu haikutoka.

Ndani, taa ikayumba.

Dada aligeuka kutazama mlango wa chumba. Mlango ulijifunga kwa nguvu hata ukuta ukatikisika... nami sikusikia kitu. Kisha kichwa chake kikavutwa nyuma. Vu! Kama mtu aliyekamatwa nywele. Alikokotwa kwa mgongo kutoka dirishani hadi kabatini, miguu ikipigapiga sakafu, na aliyemkokota hakuwepo. Hakuwepo kabisa! Aliinuliwa, akabamizwa kwenye kioo cha kabati. Kioo kikamwagika chote. Akainuliwa tena.

Nasema sikusikia kitu. Nilimsikia muadhini. "Allahu akbar," kwa sauti yake ya siku zote, ya upole. Nilisikia nyenje. Dada yangu alikuwa amefungua mdomo wote, koo limemtoka mishipa, na mimi nasikia nyenje.

"Mwanatabu!"

Nikakimbilia mlango wa jikoni. Komeo. Nikakimbilia mlango wa mbele. Komeo. Nikarudi dirishani, nikashika grili, nikaitikisa kama mwendawazimu.

Alikuwa analetwa. Uso umejaa damu, jicho moja limefumba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, na yeye anaufuata, anajivuta nyuma, visigino vinateleza kwenye damu yake mwenyewe. Mkono ukawekwa juu ya hendeli. Vidole vikakunjwa kuishika, kimoja kimoja, kwa utaratibu. Mkono ukazungushwa.

Hendeli haikuzunguka. Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo.

Ukazungushwa tena, kwa nguvu. Nikauona mfupa wa kiganja ukiinuka chini ya ngozi. Kidole cha kwanza kikakunjuka kwenda nyuma, kwenda pasipoendeka. Halafu cha pili.

Halafu cha tatu.

Niliudaka ule mti wa kuinulia kamba ya nguo, nikauingiza katikati ya vyuma vya grili na kutwanga. Kioo cha nje kikapasuka mara ya kwanza. Na hapo ndipo nilipomsikia dada. Sauti nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye kisimani. Bora nisingeisikia. Nikatwanga kioo cha pili. Nikatwanga, nikatwanga, mpaka mti ukakatika mikononi mwangu. Hakikupata hata ufa.

Mkono wa dada ukaachwa. Ukaning'inia. Akaanguka chini ya dirisha.

Kukatulia.

Mbarak alikuwa amesimama juu ya kitanda. Akatazama juu, mahali pasipokuwa na mtu. Akainua mikono yote miwili, vile mtoto anavyoinua akitaka kubebwa.

Akabebwa.

Alikuja hewani mpaka dirishani, miguu inaning'inia, kijiko bado amekishika. Hakulia. Alinitazama mimi, mama yake mdogo, akacheka. Kijiko kikamtoka. Mkono wake mdogo ukanyooshwa ukawekwa juu ya hendeli, na vidole vikaanza kukunjwa. Kimoja... kimoja...

Mungu alinipa akili wakati ule. Kile kitu hakikututaka sisi. Hakikuwa na haja nasi hata kidogo. Kilitaka dirisha, na dirisha lililofungwa vile hakikuweza kulifungua chenyewe. Kilitaka mkono wa mtu.

"Ufunguo!" nikapiga kelele, mdomo nimeutia kwenye grili. "Dada! Fungua! Chataka kutoka! Chataka kutoka, kifungulie!"

Kwa kioo kile kimoja kilichobaki, alinisikia. Alipiga magoti. Akashika pindo la leso kutafuta lile fundo, na vidole vya kulia havikumtii, na mkono wa kushoto peke yake haukuweza kulifungua. Alikuwa amelikaza. Mwanatabu hukaza kila kitu. Akalitia fundo mdomoni. Akalitafuna kama mbwa na mfupa, damu yamchirizika kidevuni, huku juu ya kichwa chake kidole cha mwanawe kimeanza kunyooshwa kwenda nyuma. Mbarak akaacha kucheka.

Ufunguo ukatokea katikati ya meno. Hakuutoa. Aliuinua uso mpaka kwenye hendeli, akauingiza vile vile kwa meno, akageuza shingo. Ukakubali. Akaipiga hendeli kwa kifundo cha mkono.

Dirisha lilifunguka likamrusha mpaka ukutani.

Mimi nilikuwa nimebanwa kwenye grili, uso, kifua, mikono. Sikuona kitu kinachotoka. Nilihisi joto, kama ukifunua tanuri la mikate. Harufu ya nywele zilizoungua ikanijaa puani, ikanijaa mdomoni, nikakohoa, nikashindwa kukohoa... nikameza. Nikaanguka chali kwenye nyasi.

Kisha nikamsikia Mbarak analia. Sijasikia sauti tamu kama ile maishani mwangu.

Jirani yetu, Maalim Mwidani, alitoka msikitini akawakuta watu uani. Yeye na wanawe ndio waliovunja mlango. Dada alilazwa hospitalini muda mrefu. Vidole vitatu havikunyooka tena, na jicho lile haoni nalo vizuri. Mbarak alivunjika kidole kimoja tu, kikaunga.

Maalim alikuja kututazama. Alikaa kwenye kiti cha wodini, tasbihi mkononi, akazungumza na dada zaidi kuliko mimi.

"Walioishi mule kabla yenu walikuwa wakifunga dirisha, basi. Wamefunga tu. Naye huyo aliyekuwamo alizoea kutoka magharibi na kurudi alfajiri. Akikuta pamefungwa, avunja hendeli apita. Nyinyi mulifunga kwa jina la Mungu. Pakifungwa hivyo hawezi kupafungua, awe nje, awe ndani."

"Na sisi tulimfungia ndani," dada akasema.

"Mulimfungia ndani."

"Ni nani huyo, Maalim? Ni wa nani?" nikauliza.

"Hilo silijui, mwanangu. Nikisema najua, nitakuwa mwongo."

"Na sasa ameenda wapi?"

Maalim alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, yeye ambaye siku zote alikuwa akiinamisha macho mbele ya wanawake. Akainuka, akaondoka.

Tulirudi Timbwani, mimi, dada na mtoto. Nyumba yetu ina madirisha ya mbao ya kawaida. Mimi ndiye ninayemwogesha dada, ninayemfunga vifungo, ninayemchambulia samaki mwiba. Ananipenda. Kwa kila mgeni anasema Barke ndiye aliyeniokolea mwanangu. Nami ni mzima. Nakula, nalala, nagombana na watu kama zamani. Wanaosema nina jini waniambie usoni, wallahi, waone.

Ila jioni ya kwanza, dada alipouegemeza mkono wake ule mbovu kwenye dirisha alifunge, nilikuwa nimeketi upande wa pili wa chumba natwanga kitunguu thomu. Nakumbuka kinu. Halafu nakumbuka dada anasema, kwa sauti ndogo sana, "Barke... waniumiza." Nikatazama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshika kifundo cha mkono, na ngozi yake imekuwa nyeupe chini ya vidole vyangu. Sikumbuki kuinuka. Sikumbuki kuuvuka mkeka.

Kesho yake alimchukua Mbarak akamweka mgongoni, akasimama karibu na dirisha bila kunitazama.

"Mdogo wangu," akasema, "hebu toka nje kidogo."

Nilitoka. Niliketi barazani mpaka akamaliza, na nilipobisha alinifungulia dirisha kwanza, ndipo mlango.

Siku hizi haniombi tena. Muadhini akikohoa tu kwenye kipaza sauti, mimi naacha nilichoshika, nyama iungue, ubwabwa uungue, natoka. Dada anadhani nafanya hivyo kwa kumheshimu. Natoka mbio, kabla hajalitaja jina la Mungu.