Sharti la Saba

Lightness alikuwa na tovuti yake pale Makambako. Wakulima waliweka picha za viazi na parachichi, wateja wakapiga simu. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka wajanja walipoanza kuiba picha za wenzao na kujifanya mzigo ni wao.

Jumanne asubuhi, chai ikiwa mezani, akakaa kuandika masharti. Lugha safi. Bei ya kweli. Alipofika la saba, la wezi wa picha, akaona maneno ya kawaida hayatamtisha mtu. Akakumbuka aliyoyasema bibi yake kule Mawengi kila alipozindika shamba la viazi kulikinga na wezi, akayaandika vilevile: "Atakayechukua kisicho chake asimame hapo hapo, mpaka mwenye nacho amwambie nenda."

Alicheka peke yake. Ni kweli aliwahi kuona mwizi amesimama shambani kwa bibi tangu alfajiri hadi saa nne, jembe mkononi. Lakini lile lilikuwa shamba. Chini ya masharti akaweka kitufe cha "Nakubali", na hadi mchana watu mia mbili walikuwa wamekibonyeza. Festo, mdogo wake wa pekee, alikuwa mmoja wao.

Saa nane Jenifer, mke wa Festo, akapiga simu.

"Wifi, njoo. Festo hatembei."

Alimkuta uani, simu mkononi. Macho tu ndiyo yalizunguka. Wanaume wanne walikuwa wamejaribu kumnyanyua, wakashindwa. Kwenye simu ilikuwepo picha ya magunia kumi na mawili ya viazi, na jina la muuzaji ni Festo. Lightness aliyafahamu magunia hayo. Yalikuwa ya mama mmoja mkulima, Paskalina wa Lyamkena.

"Dada," Festo alinong'ona. "Niambie niende."

"Nenda, mdogo wangu! Nenda!"

Hakusogea. Mwenye mali hakuwa yeye.

Akatoa simu yake, akalifuta sharti la saba. Akayafuta yote. Akaizima tovuti, jasho lake la miaka minne, bila kufikiri mara mbili. Festo alibaki pale pale, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Lightness akampigia Paskalina. Akapokea binti yake, Ema.

"Dada Lightness, hukupata habari? Mama tulimzika Jumamosi."

Lightness akapiga magoti kwenye tope. Akamsihi Ema aseme yeye. Ema akasema nenda, mara tatu, kwa sauti ya juu. Wapi!

Ndipo simu ya Festo ikalia. Ujumbe, kwenye tovuti iliyozimwa. Umetoka kwa marehemu Paskalina.

"Aje aniombe mwenyewe."

Festo akanyanyua mguu. Akatoka. Walimshika, akawaburuza wote. Walimng'ang'ania hadi barabarani, ukungu ukashuka, mikono yao ikabaki na koti tupu.

Walikimbilia kaburini. Simu ilikuwa juu ya udongo, bado ina joto. Nyayo za Festo zilifika hadi kichwani pa kaburi. Za kurudi hazikuwepo.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Kila Jumanne Lightness huenda pale, analia, anaomba radhi kwa niaba ya Festo. Tovuti hajaiwasha tena. Lakini ukiiandika anwani yake, inafunguka. Ina picha moja tu, magunia kumi na mawili, na muuzaji ni Paskalina. Pembeni mwa magunia amesimama mtu asiye na koti. Mwanzoni hakuwepo.